Chombo Kinachojijenga

Bwawani, 4 Februari

Baba Chiriku,

Salamu. Huku hatujambo. Tulikubaliana tusipigiane simu, maana simu hutuvunjia heshima, kwa hiyo naandika, na bahasha naipeleka kwa dereva wa gari la vipuri. Sina neno la nyumbani. Ni neno la kazi.

Vipimo vya maji kule juu mtoni vimebadilishwa. Vile vya zamani vilituma ujumbe mfupi: kituo, kina cha maji, saa. Hivi vipya vinatuma maneno mengi zaidi, tena kwa mpangilio mwingine. Programu yako ya malango ikiupokea ujumbe huo inasema haielewi, inautupa, inanyamaza. Kwa sasa yupo mtu wa redio anayeuliza kituo kimoja kimoja kwa mdomo. Wakati wa kiangazi si neno. Mvua zikianza, maji hushuka haraka kuliko mtu anavyoweza kuuliza, na unajua mtaa wa chini ulivyokaa mdomoni mwa mto.

Nakueleza kama mtu aliyesahau, maana umeondoka hapa zamani. Kile kipande kinachosoma ujumbe, kichambuzi, hukukiandika kwa mkono. Uliandika faili la kanuni, yaani sarufi ya ujumbe, ukalitia kwenye chombo, na chombo ndicho kilichotoa kichambuzi: safu juu ya safu za namba ambazo binadamu hawezi kuzisoma wala kuzisahihisha. Faili la kanuni ninalo. Chombo sinacho. Kilikufa pamoja na diski yake.

Nimepata msimbo wa chombo kipya cha aina hiyo, lakini kompaila yetu, yenye kazi ya kugeuza msimbo kuwa programu, ni ile ile ya zamani, na inaukataa tangu mistari ya mwanzo. Kompyuta haiwezi kubadilishwa sasa. Nyaya zote za malango zimefungwa kwake, na mpya iliyoagizwa itafika mvua zikishapita. Kutengeneza kichambuzi mahali pengine nikakileta kikiwa tayari nako hakuwezekani. Sheria uliiandika wewe: kila kinachoendesha malango kijengwe humu humu ndani, kutoka kwenye chanzo chake.

Mara ya kwanza ulifanyaje?

Mama Chiriku


Kiwandani, 12 Februari

Mama Chiriku,

Salamu zimefika. Mimi pia mzima, ukiacha goti.

Achana na chombo kipya. Kimeandikwa na watu wasioamini kwamba zamani ilikuwepo. Nakutumia diski yenye toleo la enzi za kompaila yako, au karibu na hapo. Hata hilo litagoma, lakini litagoma kwa adabu.

Kompaila hiyo ichukulie kama bibi mwenye taratibu zake. Anataka kila mgeni atajwe jina mlangoni, kabla mazungumzo hayajaanza. Waandishi wa msimbo wana tabia ya kutambulisha vigezo, yale majina ya kushikia namba, katikati ya kazi, pale wanapovihitaji. Wewe vipandishe vyote juu, mwanzoni mwa kila fungu. Na yale maelezo yanayoanzishwa kwa mikwaju miwili, yaani //, hayajui kabisa, anadhani anatukanwa. Yafungie kwa mkwaju na nyota, mwanzo na mwisho. Mengine atakwambia mwenyewe. Usihangaike na kosa la kumi kabla ya la kwanza, maana mara nyingi la kumi ni mtoto wa la kwanza.

Kisha kuna suala la kuku na yai. Chombo kazi yake ni kusoma faili za kanuni, na hiyo sehemu yake ya kusomea ilitengenezwa na chombo hicho hicho. Bila chombo hujengi chombo. Waliokitunga waliliona hilo, wakaweka ndani ya diski yai lililokwisha kutagwa: faili lililotengenezwa tayari, ili mtu aanzie hapo. Lakini programu inayoongoza ujenzi hutazama tarehe. Ikiona kanuni ni mpya kuliko hilo faili, itataka kulitengeneza upya, itakitafuta chombo, itakikosa, itasimama. Na kunakili diski huvuruga tarehe. Kwa hiyo kabla ya yote, lipe lile faili lililotengenezwa tarehe ya leo. Mimi hilo lilinila wiki nzima, na wewe ulikuwa ukipita nyuma yangu ukisema nimerogwa.

Chiriku anaendeleaje na masomo? Siku hizi barua zake ni fupi, na ufupi si tabia yake. Jina lile hatukumpa bure. Kumbuka yule mwalimu wa chuo nilimwomba mimi kwa kinywa changu ampokee.

Baba Chiriku


Bwawani, 20 Februari

Baba Chiriku,

Diski imefika salama. Vigezo vimepandishwa, mikwaju imebadilishwa, na tarehe ya lile faili imerekebishwa kabla ya kitu kingine. Makosa yalianza mengi kama siafu, yakapungua, yakabaki ya kuhesabika, yakaisha. Chombo kimejengeka. Mkuu wa Bwawa aliitwa aje kuona, akaja, akatazama kioo, akauliza kama ndiyo imekwisha.

Haikwisha. Tukikipa faili letu la kanuni, kinaanza kazi, kinanyamaza, kinakufa. Hakisemi kosa. Kinarudi tu pale penye kusubiri amri, kama mtu aliyetoka chumbani bila kuaga.

Kuna swali jingine. Kwa nini kompaila inataka vigezo vyote viwe juu? Ni kwa sababu inapima nafasi ya fungu zima mara moja kabla ya kuanza, au ni mazoea tu ya walioitunga? Na kama ni kupima nafasi, kwa nini isipime pale inapovikuta?

Chiriku hajambo. Anakula vizuri, ila taa haizimi mapema, na asubuhi kumwamsha ni vita.

Mawingu bado. Joto limezidi.

Mama Chiriku


Kiwandani, 1 Machi

Mama Chiriku,

Salamu.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Nikampa fundi mwenzangu hapa naye aisome, akasema ni barua ya kawaida ya kazi. Yeye hajawahi kuishi na wewe.

Miaka yote tuliyofanya kazi chumba kimoja, hukuniuliza kwa nini hata siku moja. Uliuliza lini, na uliuliza nani kasema. Ukishajibiwa hayo unaondoka kufanya. Swali la kompaila kupima nafasi ni swali zuri, na jibu lake ni ndiyo, inapima fungu zima kwanza, kwa kuwa kumbukumbu ya mashine za wakati huo ilikuwa ndogo na kurudi nyuma kuliigharimu. Lakini swali hilo si lako. Namjua mtu mmoja anayeuliza hivyo, kwa nini juu ya kwa nini, mpaka mkubwa anasingizia usingizi.

Halafu hili la taa. Mtoto yuko bwenini, mbali nawe kuliko alivyo mbali nami. Umejuaje taa haizimi mapema? Nani anapigana vita vya kumwamsha?

La chombo nalifikiria. Kwanza nijibu hili, na unijibu kwa maneno machache kama ulivyozoea. Chiriku yuko wapi?

Baba Chiriku


Bwawani, 8 Machi

Baba Chiriku,

Yuko hapa.

Yuko hapa tangu mvua za mwaka jana zilipoisha. Chuo ameacha mwenyewe. Hakufukuzwa, hakufeli, wala hana mimba, kama ndilo utakalowaza. Alishuka na begi moja, akaenda ofisini kwa Mkuu wa Bwawa kuomba kazi kama mtu mwingine yeyote. Siku ya usaili mimi nilitolewa chumbani. Aliyemwajiri ni Mkuu, si mama yake.

Chombo anajenga yeye. Mimi namsomea barua zako, yeye anafanya, na maswali aliyouliza nayaandika mimi. Alinisihi nisikwambie mpaka kazi iishe, ili siku akikwambia awe na kitu mkononi. Nilikubali. Mwenye kulaumiwa kwa hilo ni mimi, basi nilaumu mimi. Nimezoea.

Ila chombo bado kinakufa, na tangu jana mawingu yamelala juu ya vilima. Ulisema unalifikiria, kisha ukaweka sharti. Sharti nimelitimiza. Mtaa wa chini haukuwamo kwenye ndoa yetu, Baba Chiriku, na haukuwamo kwenye talaka.

Mama Chiriku


Kiwandani, 15 Machi

Chombo kinakufa kwa sababu kompaila imewashiwa uboreshaji, yaani ile hatua ya kufupisha kazi ili programu iende mbio. Kompaila ya umri huo hufupisha hata pasipofupika. Uzimeni. Jengeni upya kutoka mwanzo. Chombo kitakwenda polepole, na polepole inatosha.

Kikikubali, msiingize kanuni mpya papo hapo. Kipeni kwanza kanuni za zamani bila kugusa hata nukta. Kichambuzi kitakachotoka kipeni ujumbe wa zamani uliohifadhiwa, wa mvua na wa kiangazi. Kikiusoma sawa na kilivyousoma kile cha kwanza, chombo ni kizima. Hapo ndipo mtie kanuni mpya.

Na ujumbe usioeleweka usitupwe kimya kimya. Upigiwe kengele.

Mtu wa redio asiondolewe.

Fundi, Kiwandani


Bwawani, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ya mwisho Mama alinipa, akaenda kuchota maji ingawa ndoo zilikuwa zimejaa. Niliisoma. Haikuwa na salamu hata moja wala jina langu, na nilielewa. Lakini uliandika "uzimeni" na "jengeni" badala ya "uzime" na "jenga", nikaona angalau nimehesabiwa.

Nilizima uboreshaji, nikajenga upya, kikafanya kazi. Sikuamini, nikafuta kila kitu nikajenga tena. Kisha nikafanya ulivyosema, kanuni za zamani kwanza. Mama alikaa pembeni na ujumbe wa zamani, anasoma kwa sauti kilichoandikwa siku ile, mimi nasoma kinachosema kioo. Siku nzima tulikuwa kama watu wanaosalisha. Hatukupishana hata mahali pamoja. Siku ya pili nikatia kanuni mpya, na vipimo vya juu vikaanza kusomeka, kituo baada ya kituo. Niliweka na ile kengele.

Sasa nikueleze la Jumanne.

Asubuhi huku kulikuwa kweupe. Jua, nguo za watu kwenye kamba, mtaa wa chini maduka yamefunguliwa. Nilikuwa nakunywa chai pale kwenye kompyuta, ambapo hairuhusiwi, nikaona kituo cha juu kabisa kimetuma kina ambacho sijawahi kukiona. Nikadhani kipimo kimeharibika. Muda si muda cha pili nacho kikapanda. Nikamwita Mama, Mama akamwita Mkuu. Mtu wa redio akajaribu kuita vituo vya juu. Kulikuwa na mngurumo tu, hakuna aliyejibu.

Mkuu alitoka nje akatazama mbingu, akarudi. Baba, simlaumu. Ilikuwa hivi: kama maji yanakuja kweli, ni lazima kufungua malango mapema, yatoke kidogo kidogo, maana bwawa likijaa ghafla litamwaga juu ya ukuta na hapo hakuna wa kulizuia. Lakini kufungua ni kuingiza maji mtaa wa chini, chini ya jua, kwa neno la programu iliyozaliwa wiki iliyotangulia. Alisema, "Kama ni kosa la kompyuta, tutakuwa tumewazamisha watu kwa mikono yetu." Akasema tungoje kituo cha tatu.

Mama hakubishana naye. Alinigeukia mimi mbele ya wote, na aliniita fundi.

"Fundi, chombo ulikijaribu kwa kanuni za zamani?"

Nikasema nilikijaribu.

"Kilisoma sawa?"

"Sawa. Na ujumbe wa leo umesomeka wote, halikubaki neno. Ungekuwa mbovu, kengele ingelia."

Mkuu alinitazama, akatazama na kikombe nilichoshika. Kisha akasema pigeni king'ora, watu wakishapanda tufungue.

King'ora kililia, watu wakatoka madukani wakicheka, wanaangalia juu, wanauliza maji gani. Mama alishuka mwenyewe. Sikumwona, mimi nilibaki kwenye kompyuta, lakini wanasimulia alipita mlango kwa mlango bila kueleza, anasema tu panda, panda, na watu kwa kumwogopa walipanda. Tukafungua lango moja, halafu la pili. Fundi cherehani mmoja alirudi chini kuchukua cherehani yake na akavutwa kwa kamba maji yakiwa kiunoni. Cherehani hakuiachia.

Kituo cha tatu kilipanda baada ya hapo. Mchana maji yenyewe yakafika, mekundu, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Yalijaa mpaka karibu na ukingo wa ukuta, yakasimama hapo hapo yanatutazama, kisha yakaanza kushuka. Safu ya mwisho ya majengo mtaa wa chini haipo. Watu wapo wote. Wamehesabiwa, wakahesabiwa tena.

Jioni Mkuu aliniletea kikombe cha chai pale pale kwenye kompyuta, akaweka mezani, akaondoka.

Chuo sikuacha kwa kukudharau. Najua uliniombea nafasi. Mwalimu alikuwa mzuri na wenzangu walikuwa wazuri. Nilichoka tu kujenga vitu ambavyo vikikosea hakuna anayelowa. Nilitaka kukwambia, kila nikiandika naona uso wako, nachana. Ndiyo maana barua zilikuwa fupi.

Sijui kama utajibu. Mama anasema utajibu, lakini alisema hivyo akiwa amenipa mgongo.

Mwanao,
Chiriku


Kiwandani, 9 Aprili

Kwa Fundi wa Kompyuta, Bwawani

Marahaba, mwanangu. Habari za huko, habari za kazi, habari za mama yako, na poleni kwa maji. Salamu nilizobania mara ile nazileta zote pamoja, zipokee.

Nilikwenda kwa yule mwalimu kumwomba radhi kwa niaba yako. Nilivaa koti. Akaniambia hakuna cha radhi. Uliaga vizuri, ulirudisha vitabu, na kazi uliyokuwa umeanza uliimaliza ndipo ukaondoka. Akanipa chai. Tukazungumza habari za mvua, nikarudi na radhi yangu mfukoni.

Barua yako niliisoma wakati wa chakula. Wenzangu wakaniuliza kuna msiba? Nikawaambia hapana, hakufa mtu. Walitaka nieleze zaidi, nikashindwa, nikampa yule fundi mwenzangu awasomee. Alipofika pale ulipoulizwa kama kilisoma sawa, waliacha kula hata wale wasiojua kompaila ni kitu gani.

Nikikuuliza kwa nini hukuniambia, utanijibu, na jibu nimekwisha kulisoma. Basi siulizi.

Nina shida ya kazi. Hapa kiwandani kuna mashine yenye kompaila kama yenu, na ule msimbo niliowatumia nilikuwa sijawahi kuujenga juu yake. Nilikuwa nawaelekeza kwa kumbukumbu. Wewe sasa umeujenga. Naomba nakala ya ulioukarabati. Kila ulipobadilisha, andika ulibadilisha nini, na uandike kwamba ni wewe.

Nataka pia kukiona chombo kikijengwa. Jumamosi ya wiki ijayo gari la vipuri lina nafasi mbele. Nitafikia pale nyumba ya wageni mtaa wa chini, nitalala siku moja, nitarudi. Usimsumbue mama yako.

Baba yako


Bwawani, 14 Aprili

Baba Chiriku,

Salamu.

Nyumba ya wageni ilikwenda na maji.

Njoo mchana, daraja dogo limevunjika na wameweka mbao tu. Chumba cha nje kina kitanda. Chiriku amekwisha kukifagia, nami sikumkataza.

Mama Chiriku